Kutunza Honda CG125 ya zamani na kupata spea zake Dar es Salaam

Mwenye Honda CG125 ya zamani ana nafuu ambayo wenye pikipiki nyingine za umri huo hawana. Injini hiyo, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1976, iliigwa na viwanda vingi vya China, na pikipiki nyingi za Kichina zilizoingia kwenye bodaboda zina injini ya ukoo huohuo, kwa hiyo spea zake hazijaadimika Kariakoo wala Gerezani. Kazi iliyopo ni kuitambua iliyo yako kati ya zinazofanana nayo.

Jambo la kwanza kumweleza muuzaji ni kwamba injini yako inafungua valvu kwa fito mbili zinazopita ubavuni mwa silinda, wala haina cheni ya taimingi, kwani zipo injini za 125 zenye cheni ambazo vifaa vyake vya juu haviingiliani kabisa na vya CG. Usiende dukani mikono mitupu. Futa kifaa kilichochakaa, kifunge kwenye kitambaa, uende nacho pamoja na kipimo cha vernia cha kupimia kipenyo. Pistoni ya CG125 ya saizi ya kawaida ni ya silinda yenye kipenyo cha milimita 56.5, ilhali ile ya injini ya 150 ya ukoo huo ni ya milimita 62, na zikiwa ndani ya maboksi yao hutaona tofauti. Muuzaji atakuambia, "Hii inaingia, bosi," na huenda hakudanganyi kwa makusudi, ila ameangalia boksi tu. Kama silinda imewahi kuchongwa, soma namba iliyogongwa juu ya pistoni ya zamani: 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00, nayo ni kiasi cha milimita kilichoongezwa. Mpelekee fundi wa mashine pistoni mpya pamoja na silinda, achonge kwa kuifuata pistoni hiyo.

Kuhusu mtumba, mimi huchagua gia au kifuniko cha injini cha Japani kilichotumika kuliko kipya cha bei ya kutupa. Lakini bering, oili sili, ringi na breki shuu hununuliwa mpya, hata muuzaji akikuapia. Ukishauriwa kununua injini nzima ya mtumba, kumbuka kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya pikipiki, hivyo dai risiti na ushughulikie mabadiliko hayo TRA kabla ya kuifunga.

Oili ibadilishwe kila kilomita 1,500 hivi, maana foleni za hapa huchosha injini hata pale ambapo mita haisogei. Injini hii haina filta ya karatasi. Ina chujio la wavu, na upande wa kulia, ndani ya kifuniko cha klachi, kuna kichujio kinachozunguka na kukusanya uchafu ukutani mwake. Mafundi wengi humwaga oili mwaka hadi mwaka bila kukifungua, na ukikifungua unakuta tope jeusi lililoganda kama lami. Kikwanguliwe na kuoshwa kwa petroli kila unapofungua klachi.

Nafasi ya valvu, yaani uwazi mdogo kati ya ncha ya valvu na mkono unaoisukuma, hupimwa injini ikiwa imepoa, alama ya T kwenye sumaku (gurudumu linalozunguka pamoja na injini) ikiwa imelingana na alama ya kifuniko na valvu zote mbili zikiwa zimefungwa. Ni milimita 0.08 kwa kila moja. Usikubali fundi akadirie kwa kidole.

Hewa ya chumvi huanza kula ndani ya tangi, hasa kwa wakazi wa Kigamboni na Kunduchi, hivyo usiiache pikipiki ikae wiki nyingi na petroli kidogo. Kutu ikishuka, bakuli la kabureta hujaa vumbi jekundu na injini hukata ukiwa kwenye mwendo. Wakati wa masika, ukipita kwenye maji yaliyofika usawa wa injini, angalia oili kabla ya kuwasha tena: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usipige kiki, imwage yote hapohapo nyumbani, ujaze nyingine.