Ukikuta mzazi anajipaka DMSO kwa goti, fanya hivi

Ukiingia kwa nyumba usikie harufu ya saumu na hakuna mtu amepika, usikimbilie jikoni, angalia magoti ya wazee kwanza. Mimi ilinipata Julai, natoka job nafika kwa mathe hapa Free Area, Nakuru, nasikia saumu kutoka mlangoni nikajua leo kuna pilau, kumbe ni pumzi yake. Amekaa kwa kochi, leso imepandishwa, goti limekuwa jekundu na linang'aa, na hapo chini ya meza kuna kachupa. Senge, dada ya marehemu mzee, alikuwa amekuja Jumapili kutoka Mbale akapitia Kisumu, na huko akauziwa hiyo kitu na jamaa fulani aliyemwambia inaponya athraitis, presha, macho, sukari na hata kansa. Dawa moja na magonjwa yote hayo, hapo tu mtu angeshtuka, lakini senge anampenda mulamwa wake, yaani wifi yake, na goti la mathe limemsumbua miaka sita, so siwezi laumu mtu.

Hiyo kitu inaitwa DMSO, kirefu chake ni dimethili salfoksaidi. Ni maji ya kuyeyushia vitu, ukoo mmoja na thina na tarpentaini kikazi ijapokuwa si moja. Iliundwa mara ya kwanza 1866 na mkemia Mrusi Alexander Zaytsev, na baadaye viwanda vikaanza kuitoa kwa mabaki ya kutengeneza karatasi. Kama ulipita Webuye enzi za kiwanda cha karatasi cha Pan Paper unakumbuka ile harufu ilikuwa inaingia kwa matatu hata madirisha yakifungwa, sasa hiyo ni familia ya salfa, na DMSO inatoka upande huo huo wa mambo. Viwandani inatumika kuyeyusha plastiki na kutoa rangi, na kwa maabara wanaiweka kwa seli zikigandishwa ili barafu isizipasue. Hii si dawa feki ati maji na rangi, ni kemikali kweli na inafanya kazi kweli, na shida iko hapo tu.

Kwa sababu kazi yake kubwa ni kupita. Inapita ngozi chapchap, ndani ya dakika chache iko kwa damu, ndio maana mtu anapaka goti na saumu inatokea mdomoni. Mwili unaigeuza kuwa gesi ya salfa inayotoka na pumzi na jasho, na inaweza kukaa siku mbili tatu. Haipiti peke yake pia. Fikiria boda ya Kondele saa moja jioni, haiulizi abiria ni nani wala amebeba nini, wewe panda tu. Chochote kidogo kilicho juu ya ngozi, pafyumu, rangi ya leso mpya, dawa ya nywele, dawa ya kupulizia nyanya, inaweza kukibeba ikaingia nacho. Mathe ana shamba ya viazi kule Njoro, na asubuhi ya hiyo siku alikuwa amepulizia dawa ya ukungu. Hiyo ndio ilifanya nisiketi.

Sasa tuingie kwa cha kufanya.

Usianze na kelele. Ukimwambia mzazi "umejipaka sumu" ataficha chupa na utaipata mwaka ujao nyuma ya kabati. Mimi niliuliza tu, mathe hii imekusaidia? Akasema inachoma lakini inachoma vizuri. Nikamwambia basi tuioshe tuone ngozi iko aje chini yake, akakubali. Ngozi ioshwe na maji mengi ya kutiririka na sabuni ya kawaida, si sabuni ya marashi, dakika kumi na tano hivi, na leso au suruali iliyogusa hiyo kitu itolewe ikafuliwe kando. Usimwongezee balm juu, usimwongezee ile mafuta ya kuchua ya menthol, wala spiriti, kumbuka boda bado iko stage inangoja abiria. Wewe unayeosha pia chunga mikono, zile glavu nyembamba za mpira za kliniki DMSO inazipita, so usijiamini ati umevaa, ukimaliza kumwosha nawa mikono haraka.

Baadaye angalia mtu, si goti pekee. Wekundu, kuwashwa na kuchoma ni kawaida ya hiyo kitu na mara nyingi inapoa ikishaoshwa. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu au kuhara pia inaletwa nayo. Lakini uso ukivimba, pumzi ikibana, malengelenge yakitoka, mtu akianza kuchanganyikiwa au kusinzia ovyo, hapo hakuna maneno ya kungoja asubuhi, piga 999 ama 112 ama tafuta gari, mpeleke hospitali iliyo karibu. Na kama alikuwa ameshika dawa za shamba hiyo siku, ongeza hizi kwa orodha yako: mate mengi, jasho, machozi, misuli kutetemeka, mboni za macho kuwa ndogo kama tundu la sindano. Ukiona hizo usijadiliane na mtu. Beba chupa ya DMSO na beba pia pakiti ya dawa ya shamba, daktari anataka kusoma jina lililo ndani, si kusikia "ile ya kijani".

Watu huharibu hapa: wanafika hospitali wanaona aibu, wanasema "alikula kitu". Sema wazi amejipaka nini, saa ngapi, mara ngapi, na anakunywa dawa gani zingine. Hizo dawa zingine zina maana sana. Mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, au dawa za kulala, au za moyo, DMSO inaweza kuongeza nguvu yake mwilini bila yeye kujua. Mathe anameza ya presha kila asubuhi, na jamaa wa Kisumu hakumuuliza senge hata swali moja kuhusu hiyo.

Chupa yenyewe isome kabla ya kuitupa. Ya kwetu ilikuwa na lebo nusu, imeandikwa 99.9%, nambari 67-68-5 ambayo ndiyo kitambulisho cha hiyo kemikali dunia nzima, na chini kwa maandishi madogo kabisa ikasema ni ya maabara, isitumike kwa binadamu. Senge anasoma vizuri sana, ni mwalimu mstaafu, lakini alisoma ile 99.9 akaelewa ni kama dhahabu, kwamba imesafishwa mpaka ikawa salama. Usafi wa maabara ni hesabu ya mkemia, haisemi chochote kuhusu goti la mtu wa miaka 67. Ile ya viwandani ndio mbaya zaidi, hiyo inaweza kuwa na takataka zake ambazo hakuna mtu alipanga ziingie kwa damu. Lebo ikiwa haina nambari ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu, jina la mtengenezaji na tarehe ya kuharibika, hiyo si dawa, maliza hapo.

Halafu kuna kisa cha kuganda, hii nilicheka kidogo. Kisumu ilikuwa maji, ikafika Nakuru usiku wa Julai ikawa ngumu nyeupe kaa Kimbo. Senge alipiga simu akasema hiyo ni ishara nguvu ya dawa imeamka, na jirani akasema hapana, hiyo ni feki. Wote wawili hapana. DMSO inaganda ikishuka chini ya digrii 18 na nusu hivi, na Nakuru usiku tunafika digrii 10 bila shida, Kisumu hawajui hiyo baridi. Mathe naye alikuwa anaiyeyusha kwa kuiweka kando ya jiko la makaa. Usifanye hivyo hata siku moja, ni kitu cha kushika moto ikipashwa sana na mvuke wake si wa kuvuta kwa chumba kimefungwa.

Kuna mtu ataniuliza, si hata wazungu wanaitumia hospitalini? Ndio, na ni vizuri ujue, kwa sababu mzazi wako atakutajia. Miaka ya 1960 daktari wa upasuaji anaitwa Stanley Jacob, kule Oregon, Marekani, alionyesha vile inapita ngozi na watu wakachangamka sana. 1965 serikali yao ikasimamisha majaribio kwa binadamu baada ya kuona lenzi za macho ya wanyama zimebadilika. 1978 wakairuhusu kwa kazi moja, ugonjwa fulani wa kibofu unaouma, na hapo inaingizwa na daktari kwa mrija, tena imepunguzwa nusu kwa nusu. Hata kuna dawa ya goti yenye DMSO ndani yake, iliruhusiwa Marekani 2009, lakini kinachotibu pale ni diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, DMSO ni boda ya kuipeleka. Walipolinganisha boda tupu, yaani DMSO bila diklofenaki, na dawa ya kuigiza isiyo na kitu ndani, boda tupu haikushinda. Hiyo ndio nilimwambia senge na alinyamaza kidogo, kwa sababu hiyo diklofenaki iko kama jeli kwa kila kemisti hapa tauni.

So goti sasa. Mzazi ukimnyang'anya chupa bila kumpa kitu, ataenda kutafuta ingine. Mpeleke kwanza goti liangaliwe, hasa likiwa limevimba na lina joto, ama haliwezi kubeba uzito, ama ana homa, kwa sababu si kila goti ni uzee. Likiwa ni lile la kusagika tu, muulize mtu wa kemisti kuhusu jeli ya diklofenaki na umwambie presha, figo na vidonda vya tumbo kama viko, hata jeli inaingia mwilini kidogo ijapokuwa ni afadhali kuliko kumeza vidonge kila siku. Jeli isichanganywe na kitu chochote. Kitambaa cha maji moto dakika kumi na tano asubuhi inasaidia wale wanaamka wamekauka.

Na mazoezi, ambayo hakuna mtu anataka kusikia. Akae kwa kiti kigumu, si kochi, anyooshe mguu mbele polepole mpaka unyooke, ahesabu tano, aushushe polepole, mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Misuli ya paja ndio inabeba goti, ikilegea goti linabeba kila kitu peke yake. Mathe alianza na mara tatu akasema nataka kumuua, wiki ya nne alikuwa anafanya akiangalia taarifa ya saa moja bila kuambiwa. Bakora nayo inashikwa mkono wa upande ule mzima, si upande wa goti bovu, wazee karibu wote wanashika vibaya na hakuna mtu huwaambia.

Kidogo kuhusu mafuta taa, maanake najua wenzangu wa Vihiga na Bungoma mnasoma mkisema DMSO ni ya matajiri, sisi tuna ile ya duka. Nilikua nikipakwa mafuta taa kwa vidole juu ya funza, na shule ya msingi tulikuwa wengi wenye miguu imechubuka na bado funza wako. Hadithi ni ile ile, maji ya kuyeyusha vitu yanayeyusha pia mafuta ya ngozi, inapasuka, uchafu unaingia. Na kubwa zaidi, mafuta taa, tarpentaini na DMSO visikae kwa chupa ya soda hata siku moja. Mtoto akinywa mafuta taa usimtapishe, usimpe maziwa ati yatazimua, hayo mafuta yakirudi juu yanaingia mapafuni na hapo ndio yanaua. Mpeleke hospitali na chupa mkononi.

Ile chupa yetu sikuimwaga kwa sinki wala kwa shimo la choo. Niliifunga, nikaiacha kwa lebo yake, nikaiweka kwa mfuko mwingine nikapeleka kwa mtu wa kemisti ninayemjua akanisaidia kuitoa. Siku ya tatu saumu ikaisha mdomoni mwa mathe. Senge akapiga Ijumaa kuuliza chupa yake iko wapi maanake ilikuwa bado nusu na ni pesa, nikamwambia iko kwa kemisti, akakaa kimya kwa laini mpaka nikadhani kredo imeisha, halafu akauliza, hiyo jeli unasema ni pesa ngapi?