Kumshika Kinyonga na Kuitambua Hali Yake

Kinyonga anayefugwa, hata awe wa aina ile tunayoizoea kwenye miti ya Unguja na Pemba, asishikwe kamwe kutoka juu, kwa sababu ndege wanaomwinda humjia kwa namna hiyo hiyo. Weka kidole mbele ya kifua chake, juu kidogo ya tawi alilosimama, kisha subiri mpaka apande mwenyewe, akisita, muache. Vidole vyake, vilivyogawanyika mafungu mawili kama koleo, hung'ang'ania sana, na ukimvuta kwa nguvu unaweza kumjeruhi.

Kabla ya kumgusa, mtazame kwa utulivu. Akijibapa ubavu, akainua ngozi za shingoni, akaachama na kufoka, anaogopa au amekasirika, na si haki kumlazimisha. Weusi pekee hautoshi kuwa dalili, kwani asubuhi yenye ubaridi hujitia rangi nzito ili apate joto la jua upesi. Usiku, akilala, hupauka. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kufumba macho mchana: hapo mpeleke kwa daktari wa mifugo bila ya kuchelewa.