Hita ya pikapu ya zamani: pima kwanza, nunua baadaye

Ukiendesha pikapu ya zamani Kampala, miaka inaweza kupita bila kukumbuka kwamba gari lina hita. Ipandishe Kabale au Kapchorwa, kwenye milima yenye baridi, asubuhi ya mvua, uone kioo cha mbele kinavyoziba kwa ukungu kutoka ndani, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine unafuta kwa kitambaa. Kwa hiyo hita unayoitafuta ni ile inayopuliza kioo. Kuota moto miguuni ni nyongeza tu.

Usikimbilie dukani. Huenda hita iliyomo ni nzima, ila ilipovuja siku moja fundi aliikata na kuunganisha mipira yake miwili, ile inayoleta na kurudisha maji ya moto ya injini, palepale kwenye injini. Kosa linaloudhi zaidi ni thamostati, kizibo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto, iliyong'olewa "ili injini isichemke". Bila thamostati maji hupita kwenye rejeta muda wote, injini haifikii joto lake, na hita yoyote utakayofunga itapuliza vuguvugu, hasa ukiteremka mlima mguu ukiwa nje ya mafuta. Rudisha thamostati inayofaa injini yako. Nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hadi 88 za Selsiasi. Injini ikishapata moto, fungua koki ya hita na uguse mipira kwa uangalifu. Yote ya moto lakini upepo ni baridi: kasoro iko kwenye kifuniko cha hewa au kebo yake. Mmoja wa moto, mwingine baridi: koki imekwama au rejeta ndogo ya hita imeziba kwa kutu. Yote baridi: maji yamepungua au kuna hewa ndani.

Ikibidi kubadilisha, ng'oa ya zamani uende nayo. Pale Kisekka, soko la vipuri la Kampala, utaambiwa "hii inaingia" kabla hujamaliza sentensi. Wewe toa futi. Pima urefu, upana na unene wa rejeta ndogo, upande mabomba yanapotokea, na kipenyo chake, ambacho mara nyingi ni milimita 16 au 19. Angalia pia volti. Baadhi ya pikapu za dizeli za Kijapani zina umeme wa volti 24: feni ya volti 12 itaungua humo, na ya 24 kwenye gari la volti 12 itazunguka kwa uvivu. Hita ya sanduku inayofungwa chini ya dashibodi inafaa pia, mradi iwe na matundu ya kuunganisha mabomba ya hewa ya kioo. Kwa kabini ya watu watatu, kilowati 3 hadi 4 zinatosha.

Kwa mtumba, chagua rejeta ya shaba ukiipata, kwa sababu ikitoboka inalehemiwa. Ya alumini kwa kawaida hutupwa. Ziba tundu moja, ingiza upepo wa takriban bari 1 kwenye lingine, uizamishe kwenye ndoo. Ukiona hata kiputo kimoja, usiinunue. Kisha pitisha maji ya bomba: yakitoka kwa kusuasua, imejaa uchafu.

Kihita cha umeme cha kuchomeka kwenye tundu la sigara ni hasara. Wati 150 hula ampia zaidi ya 12, na bado ni sehemu ya ishirini tu ya kilowati 3. Hita inayochoma dizeli inapasha kweli, lakini moshi wake lazima utokee nje kabisa. Ukivujia ndani, kaboni monoksidi huua bila harufu.

Wakati wa kufunga, maji ya moto yatoke kwenye silinda hedi (kichwa cha injini) na yarudi upande wa pampu unaovuta. Mipira inapopita kwenye bati, weka raba isikatwe. Feni ipewe waya wa milimita mraba 2.5 na fyuzi ya ampia 15, au kama mtengenezaji alivyoandika. Jaza kulanti (dawa ya kupoza injini) nusu kwa nusu na maji safi, injini ikiwa baridi, pua ya gari ikitazama kilimani, koki wazi, ili hewa ipande itoke.

Baada ya wiki kaza klipu za mipira tena na upapase zulia upande wa abiria. Likiwa na unyevu, au kioo kikipata utando wa mafutamafuta wenye harufu tamu, rejeta ndogo inavuja.