Somo: Kutia rangi mayai ya Pasaka kwa maganda ya vitunguu, manjano na kabichi

Mayai yakitoka na mabaka, rangi ndiyo hulaumiwa kwanza. Mara nyingi kosa liko kwenye ganda: lina mafuta ya vidole au limekosa siki. Vipimo hivi ni vya mayai 6 yatakayopambwa na watoto kisha yaliwe.

Mayai meupe hupokea kila rangi. Ya kahawia yapelekeni kwenye maganda ya vitunguu tu, maana bluu juu ya kahawia hutoka kama tope. Yawe yametagwa kama wiki moja iliyopita; yai la jana humenyeka vibaya, ute ukiganda kwenye utando.

1. Pika rangi kwanza. Kila rangi na sufuria yake, maji lita 1:
- maganda makavu ya vitunguu 10 hadi 12: chungwa mpaka wekundu wa matofali
- manjano ya unga, vijiko vikubwa 3: njano
- nusu ya kabichi ya zambarau, iliyokatwakatwa: bluu

Chemsha kwa moto mdogo dakika 30, chuja, tia siki vijiko vikubwa 2, acha ipoe kabisa. Usiruke kuchuja: chengachenga za manjano hung'ang'ania ganda na kuacha madoa.

2. Chemsha mayai. Yaweke kwenye maji baridi, yazame sentimita 2 au 3, ndipo uwashe moto. Yai la kwenye friji likitumbukizwa kwenye maji yanayotokota hupasuka, kwa kuwa hewa iliyo ndani hutanuka ghafla. Yakianza kutokota punguza moto, hesabu dakika 10, kisha hamishia kwenye maji baridi. Ukizidisha, kiini huzungukwa na duara la kijani. Halina madhara, ila halipendezi.

3. Futa ganda kwa kitambaa chenye siki. Kuanzia hapo shika kwa kijiko.

4. Zamisha. Maji ya rangi yafunike yai zima, na mayai yasigusane. Manjano huchukua dakika 30, vitunguu saa 1 au 2. Kabichi ni ya subira: ndani ya friji, saa 4 au usiku kucha.

5. Kausha bila kufuta. Hasa bluu, ikiwa mbichi hubanduka kwa kuguswa tu. Likishakauka, lipitishie kitambaa chenye matone machache ya mafuta ya kupikia ling'ae.

Michoro. Chukua jani dogo lenye mapengo, la giligilani kwa mfano, lilowanishe, libandike kwenye yai, kisha livike kipande cha stokingi na kukifunga kwa uzi. Kaza sana. Kikilegea, rangi hupenya chini ya jani na umbo hupotea. Njia nyingine ni kuchora kwa ncha ya mshumaa mweupe kabla ya kuzamisha. Hapo ndipo rangi ya moto huharibu kazi, kwani nta huyeyuka.

MASWALI YA WANACHAMA

*Maji ya kabichi yamegeuka ya waridi nilipotia siki. Nimeharibu?*
Hapana. Asidi huipeleka rangi ya kabichi kwenye wekundu. Ganda la yai ni kalsiamu kaboneti, hupunguza asidi pale linapogusana na rangi, na bluu hurudi juu yake. Liache lizame.

*Basi niongeze siki ikolee zaidi?*
Usiongeze. Vipovu vichache juu ya ganda ni kawaida, ila siki ikizidi hulila ganda, likawa na vishimo na rangi ikabanduka. Ukitaka ikolee, ongeza muda.

*Kijani naipataje?*
Manjano kwanza dakika 30, likauke, kisha kabichi. Lichungulie kila baada ya dakika 15.

*Na bitiruti?*
Hutoa waridi iliyopauka, nayo huelekea kahawia ikikauka. Binafsi siipendekezi. *(Nyongeza ya mwanachama: inafaa kwa mayai yaliyomenywa. Ute hushika waridi vizuri kuliko ganda.)*

*Yanaliwa mpaka lini?*
Yaingie friji ndani ya saa 2 baada ya kuiva, yaliwe ndani ya siku 7. Muda wa kufichwa bustanini nao unahesabiwa. Lililopasuka huko nje, tupa.

*Nataka moja likae miaka.*
Tumia yai bichi. Toboa ncha zote mbili kwa sindano nene, tundu la upande mpana liwe kubwa kidogo, vuruga kiini kwa sindano, kisha sukuma hewa kwa bomba la sindano. Mdomo usiguse yai bichi, kwa sababu ya salmonela, bakteria wanaosababisha kuharisha. Suuza, kausha siku 1 au 2. Yai tupu huelea, kwa hiyo likandamize chini ya rangi mpaka vipovu viishe, na ukilitoa limwage maji yaliyoingia.