Tangi la IBC likishatengenezwa, lipime hivi kabla ya kulijaza kemikali

Mwaka wa kwanza niliposhika yadi hii, hapa Mtwara upande wa barabara ya Mikindani, lililetwa tangi lenye kiraka. Fundi alikuwa ameyeyusha plastiki kwa pasi, akaikandamiza, akailainisha mpaka ukipitisha kidole husikii ukingo. Nililipokea kwa sababu lilipendeza. Tukalijaza klorini ya maji. Siku ya tatu kiraka kiliachia, na kijana aliyekuwa anasogeza paleti akaungua miguu yote miwili mpaka vifundoni. Alipona, ila makovu anayo hadi leo, na kila nikiyaona nakumbuka kwamba saini ya kupokea lile tangi ilikuwa yangu.

IBC ninazozungumzia ni yale matangi ya lita 1,000, plastiki nyeupe ndani ya kizimba cha chuma, yanayobeba klorini, kostiki soda, asidi ya betri. Kanuni zake zinatoka Umoja wa Mataifa, na kwa mzigo wa baharini zimo kwenye kanuni za IMDG, yaani kanuni za kimataifa za kusafirisha bidhaa za hatari baharini, ambazo ni za lazima tangu 2004. Kemikali zenyewe hapa nchini ziko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Alama ya kuthibitisha kipimo huwekwa na aliyeidhinishwa tu. Kazi yetu yadini ni kuhakikisha akifika anakuta tangi zima, lisilomficha kitu.

Anza na bamba la chuma lililo mbele ya kizimba. Utaona maandishi kama 31HA1/Y, kisha mwezi na mwaka. 31 ni tangi gumu la vimiminika. H ni plastiki ya ndani, A ni chuma cha nje. Y inaruhusu kemikali za hatari ya kati na ya chini, zile za kundi la II na la III. Ukikuta Z, ni kundi la III peke yake. Bamba likiwa limeng'oka au halisomeki, simama hapo hapo. Halafu tafuta tarehe ya plastiki yenyewe: kuna kiduara kilichochorwa kwenye plastiki, chenye mshale unaoonyesha mwezi. Kwa bidhaa za hatari, plastiki hiyo hutumika miaka 5 tu tangu ilipotengenezwa, isipokuwa mamlaka imeruhusu vinginevyo. Nimewahi kuletewa kizimba kipya kinachong'aa, ndani yake mna plastiki ya miaka 7.

Sasa suala la kiraka, maana mafundi wengi wanabishana nami hapa. Plastiki ya ndani haitengenezwi. Haichomelewi, haizibwi kwa gundi, haiwekwi kiraka. Ikipasuka inatolewa nzima, inaingizwa nyingine ya muundo ule ule kutoka kwa mtengenezaji yule yule, na kazi hiyo ndiyo inayoitwa ukarabati. Kizimba unaweza kukinyoosha na kukichomelea kirudi kwenye umbo lake la awali, lakini toa plastiki kwanza. Usichomelee chuma huku tangi limo ndani, hata kama umeambiwa ni tupu. Kubadilisha koki, mfuniko au gasketi kwa vipuri sahihi ni matengenezo ya kawaida, ila hata hapo lazima uhakikishe halivuji.

Kwetu kizimba kinaumwa mahali pamoja kuliko kwingine: pale vyuma vinapokutana na paleti, chini. Hewa ya chumvi inaingia kwenye maungio na kutu inakula kutoka ndani. Chukua bisibisi, choma kila ungio kwa ncha. Likibonyea, limekwisha, hata kama rangi ya juu bado inavutia.

Osha kabla ya kupima. Suuza mara tatu, vaa glavu ndefu na miwani, na maji ya suuza ya klorini yasikutane kamwe na ya asidi, kwa sababu yakikutana yanatoa gesi inayoua. Sisi tuna mapipa mawili ya rangi tofauti. Maji hayo hayamwagwi mchangani wala kwenye mikoko.

Kipimo chenyewe cha mvujo ni hewa ya kilopaskali 20, yaani baa 0.2, kwa dakika zisizopungua 10. Watu wakisikia baa 0.2 wanaona ni kidogo. Sehemu ya juu ya tangi ina upana wa mita 1 kwa 1.2. Kwa presha hiyo inasukumwa kwa nguvu ya karibu tani mbili na nusu. Ukifungulia kompresa ya baa 8 moja kwa moja, umetengeneza bomu. Weka regulata ya kupunguza presha, weka vali ya kutoa presha ikizidi, na mtu asisimame mbele ya mfuniko.

Geji ya matairi haifai. Baa 0.2 ni chini ya psi 3, na kwenye geji ya namna hiyo mshale hapo hata haujainuka vizuri. Mimi natumia maji. Chukua mpira mwembamba wa maji unaoonyesha ndani, mita 6, uufunge kwenye ubao wa mita 2 na nusu ukiwa umekunjwa kama herufi U, na utie maji yenye rangi ya chakula mpaka nusu ya kila upande. Ncha moja inaingia kwenye tangi, nyingine inabaki wazi. Hewa ikiingia, maji yanashuka huku na kupanda kule. Tofauti ya sentimita 204 kati ya pande mbili ndiyo kilopaskali 20. Hakuna betri na hakuna mshale wa kukwama.

Mfuniko wenye tundu la kupumulia ubadilishe kwa usio na tundu, au lizibe kabisa, la sivyo utahangaika kutafuta mvujo ambao si mvujo. Jaza hewa polepole, kisha ngoja. Plastiki hutanuka mwanzoni na maji yatashuka yenyewe, kwa hiyo ongeza hewa mpaka yatulie, ndipo uanze kuhesabu dakika.

Hapa ndipo vijana wangu walipokosea mara nyingi. Siku moja asubuhi mmoja aliniita, "Mama, linavuja, maji yanashuka!" Nikaenda. Wingu lilikuwa limefunika jua. Tukasubiri, jua likarudi, na maji nayo yakapanda yakapita alama. Hewa iliyofungiwa ikipoa nyuzi 1 tu, maji kwenye mpira yanabadilika kama sentimita 4, na hakuna tundu popote. Ndiyo maana tunapima alfajiri, chini ya paa, kabla bati halijapata moto. Mpira wa maji unakuonyesha kama presha ipo. Anayekuambia tundu liko wapi ni sabuni.

Tumia sabuni ya maji na brashi ya rangi. Paka shingo ya mfuniko, paka mzunguko wote wa koki, paka mshono wa plastiki chini unakokaa kwenye paleti, hapo inabidi ulale chali na tochi. Usiharakishe. Mvujo mkubwa hutoa povu papo hapo, ila ule mdogo hutoa kipovu kimoja kila baada ya nusu dakika, cha ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti. Wakati wa kusi kinga upepo kwa turubai, maana sabuni inakauka kabla hujaona chochote. Kipovu kimoja kinatosha kulikataa.

Likipita, ripoti inaandikwa, na aliyeidhinishwa anaweka karibu na alama ya mtengenezaji alama isiyofutika: nchi, jina au nembo yake, mwezi na mwaka. Kipimo cha baada ya ukarabati kinahesabika pia kama kile cha kawaida, kwa hiyo ukaguzi wa nje na kipimo cha mvujo vitarudiwa baada ya miaka 2 na nusu, na ukaguzi wa ndani baada ya miaka 5. Tarehe ikipita usilijaze. Kama lilijazwa kabla ya tarehe hiyo, linaweza kusafirishwa ndani ya miezi 3 baada yake.

Lililofeli silitoi nje ya yadi likiwa zima. Majirani wananiomba, "Dada, tupe hata lile bovu tukingie maji ya mvua," na ninaelewa, kwa sababu maji ni shida kwenye nyumba nyingi hapa. Lakini plastiki hiyo imenywa kemikali kwa miaka na haioshwi ikatoka. Naikata kwa msumeno vipande vinne mbele yao, kisha kizimba nawapa wakafugie kuku.