QGIS: longitudo iende X, latitudo iende Y

Leo pointi za visima vyote zilitua baharini, nikakumbuka kuwaambia: ukiingiza CSV (faili la jedwali) ya GPS kwenye QGIS, programu ya ramani, longitudo weka X, latitudo weka Y, mfumo EPSG:4326 (msimbo wa digrii za latitudo na longitudo). Tunakosea kwa sababu GPS hutaja latitudo kwanza. Dodoma ni -6.17, 35.74, ukizigeuza unaangukia Atlantiki, karibu na Tangier, Moroko! Ukizipanga sawa ila ukasahau alama ya kutoa, uko Ethiopia. Tandika ramani ya OpenStreetMap chini kwanza, kosa utaliona papo hapo. Ila namba zikiwa ndefu kama 803300 na 9317200, hizo ni mita za UTM, mfumo wa ramani unaotumia mita badala ya digrii: 4326 haitafaa. Kwa Dodoma chagua EPSG:32736 (UTM kanda ya 36 kusini), kama GPS iliwekwa WGS84, yaani kielelezo cha umbo la dunia kinachotumiwa na GPS.