"Resume" si kuanza upya

Ukiona "Classes resume on Monday" kwenye tangazo la shule, maana yake masomo yanaendelea Jumatatu baada ya kusimama, kwa likizo au sababu nyingine. Hapo ndipo wengi wanapochanganya "resume" na "restart". Kwenye simu tofauti yake inauma: faili ikikatika kupakuliwa katikati, ukibonyeza "Resume" inaendelea ilipoishia, ukibonyeza "Restart" inaanza sifuri, na bando lililokwisha tumika halirudi.

Kitenzi hiki ni cha kiofisi kidogo. Katika mazungumzo ya kawaida Waingereza husema tu "start again" (hapa kwa maana ya kuendelea baada ya kusimama) au "carry on". Kikifuatwa na kitenzi kingine, hicho cha pili huchukua -ing: "She resumed teaching in May", wala si "resumed to teach". Na achana na "resume back" na "resume again". Ile "re-" ya mwanzo imeshabeba "tena". Kwenye barua za kazi utakutana na "resume duty", yaani kurejea kazini baada ya likizo, na hiyo ni sawa kabisa.

Matamshi: ri-ZYUM, mkazo mwishoni. Ukisikia RE-zu-mei, hilo ni neno jingine, nalo Wamarekani hulitumia kwa wasifu wa kuombea kazi. Mara nyingi huandikwa bila zile alama za juu ya "e" (résumé), kwa hiyo tazama sentensi nzima: "Send your resume" haikuambii uendelee na chochote, inataka wasifu wako.